Chaza, Ndimu na Mama Yako

Mwanangu Salma,

Salamu sikuandikii, kwa kuwa shikamoo yako niliipokea asubuhi kabla hujaondoka kwenda Mambrui kumuaga bibi yako, na nyingine nitaipokea ukirudi jioni. Sasa ni mchana, nyumba imetulia, shangazi yako Mwanamisi amejinyoosha ndani anakoroma, na mimi nimekaa barazani na kalamu yako ya shule. Mwandiko wangu unaujua, utadhani kaa amepita kwenye tope. Cheka kwanza, kisha usome hadi mwisho.

Mambo ya safari siyagusi. Basi, feri, gari la moshi, nguo za baridi, yote hayo shangazi yako ameshakwambia na kukurudilia mpaka umemkimbia. Dakta mwenyewe, yule aliyekuja kupima chaza wetu, ameahidi kukupokea stesheni Nairobi, na maabara yake utakayoanzia kazi uliiona kwenye picha. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi mlikuwa uani mnachagua mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti natia mpini jembe. Shangazi yako akakuuliza, kwa ule uchokozi wake, "Weye mtoto, kazi zote zilizojaa duniani, hukuona nyingine ila kwenda kupekua uchafu matumboni mwa chaza?" Nikangoja nisikie unacheka. Hukucheka. Ukasema, "Shangazi, mama nilimlisha mimi. Kwa mkono wangu huu. Lazima nijue nilimlisha nini." Mwanamisi, ambaye unajua mwenyewe hakosi la kujibu, akauinamia mchele wake. Mimi nami nikabaki pale na jembe langu, sithubutu hata kukohoa.

Kwa hiyo hilo umelibeba tangu ukiwa na miaka tisa. Na mimi baba yako, ninayejidai kujua ukiniitikia "naam" ipi ni ya hasira na ipi ni ya njaa, sikujua. Naumia, Salma. Sitaki kesho upande basi na mzigo huo. Nataka mzigo wenyewe ubaki hapa nyumbani, na kwa kuwa kinywa changu kinakuwa kizito kila likitajwa jina la mama yako, naona heri niandike.

Wacha nianze mbali kidogo. Mengine unayajua, mengine ulikuwa mdogo.

Unakumbuka kazi yangu kabla ya bustani hii ya mchicha. Maji yakipwa tulikuwa tukiingia mikokoni huko Mida na nyundo na patasi, tunawabandua chaza kwenye mizizi, tunawatia kwenye magunia. Chaza akifa hafai, na gari la hoteli halikuja kila siku, basi kila mvunaji alikuwa na mahali pake pa kufungia magunia ndani ya maji ili chaza wakae hai. Wenzangu walifunga mbali, kule kwenye mkondo unaokwenda mbio. Kutoka huko na gunia begani mtu hufika amevunjika kiuno. Mimi nikatafuta mahali karibu. Nikapaona nyuma ya hoteli moja iliyokuwa mpya wakati ule, ambapo bomba lake la maji machafu lilitokea chini ya mikoko. Mara ya kwanza nilifunga hapo kwa uvivu tu, nisikudanganye.

Niliporudi kuwatazama, chaza wamenona, Salma. Wamejaa kombe zao mpaka hazifungi vizuri, weupe, watamu. Mpishi wa hoteli akawashika mkononi akaniuliza, "Bwana Omari, hawa unawapa nini?" Nami nikavimba kichwa. Nikamwambia hiyo ni siri ya ufundi. Tangu siku hiyo sikufunga tena mahali pengine, na wenzangu waliponiuliza niliwapiga chenga.

Bomba nililiona. Siku nyingine hata harufu niliisikia upepo ukigeuka. Lakini nilikuwa na jibu langu tayari. Chuoni, tulipokuwa wadogo tukisoma Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Na maji pale nilipokuwa nafunga magunia yalikuwa meupe, unaona mpaka vidole vya miguu. Nikasema, bahari nzima hii, bomba moja litaifanya nini? Mwalimu hakukosea. Alikuwa akitufundisha maji ya kutawadhia. Mimi ndiye niliyechukua hukumu ya udhu nikaipeleka kwenye chakula, nikatulia.

Sasa nije kwa mama yako. Mimba ile ya nduguyo ilimfanya asitake kitu. Wali unanuka, samaki ananuka, mimi mwenyewe nanuka. Alichokitaka ni chaza wabichi kwa ndimu na pilipili, basi. Nami nilifurahi kwamba kipo kitu ninachoweza kumpa. Kila nikitoka mikokoni nilimchagulia yeye kwanza, wale wakubwa, wa gunia la pale pale. Hoteli niliipelekea waliobaki. Hapo ndipo mapenzi yangu yalipokuwa, kwenye kuchagua.

Ile siku unayoikumbuka nami naikumbuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka ukili, tumbo lake kubwa, mikono yote miwili imeshikwa. Mimi nikifungua chaza kwa kisu. Akawatazama akasema, "Baba Salma, hawa leo wametushinda kunona hata sisi." Wewe ukakimbia kwenye mndimu wake, ule alioupanda mwenyewe mwaka uliozaliwa, ukarudi na ndimu kwenye upindo wa gauni. Ukakamua, ukatia pilipili, ukamwambia, "Mama, fungua." Akafungua kinywa kama kinda. Ukamlisha mmoja, akataka mwingine. Kila ukichelewa anapiga kelele makusudi, nawe unacheka mpaka ndimu inakudondoka. Ulikula na wewe. Nilikula na mimi. Ilikuwa siku nzuri, Salma. Nimekaa miaka hii yote sitaki kuikumbuka, na nimejinyima bure, maana siku ile haikuwa na ubaya wowote ndani yake kwa tulivyoijua.

Ulipita mwezi na zaidi. Mimi niliumwa kidogo, tumbo na uchovu, nikalala, nikainuka. Mama yako akaanza kutapika. Mkojo ukawa mwekundu kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa, na macho yakawa manjano. Nilimpeleka kwanza kwa mtu wa dawa za manjano kule Gede, akanywa machungu yale siku kadhaa, nami nikasubiri apate nafuu kwa sababu kila mtu aliniambia manjano hupita. Kwa wengine ilipita kweli. Mwaka ule waliugua kadhaa hapa kijijini wakapona, wako wanatembea. Yeye aliposhindwa hata kuinuka ndipo nikampeleka hospitali Malindi. Mtoto alitangulia, na yeye akamfuata.

Kuna kitu nilifanya baada ya maziko ambacho sasa nakijua kuwa kilikuumiza kuliko vyote. Niliukata mndimu.

Nilirudi kutoka makaburini nikauona umesimama pale, umejaa ndimu, mbichi kabisa, kama aliyeupanda ameingia ndani mara moja tu na atatoka. Nikachukua shoka. Sikuwa na wazo lolote kichwani, wallahi. Nilikuwa na hasira na kila kitu kilichokuwa hai. Nilipogeuka nikakuona mlangoni, kidole kinywani, unatazama. Sikukwambia neno. Nikaburuta matawi nikayachoma. Na tangu siku ile, mwanangu, hujagusa ndimu. Samaki unakula bila ndimu, supu bila ndimu, kwenye harusi unasukuma sahani ya ndimu upande wa mwenzako. Niliona. Nikasema moyoni, mtoto anaomboleza kwa njia yake, usimwingilie. Juzi tu, nyuma ya ule ukuta, ndipo nilipofahamu ulichokielewa wewe ukiwa mlangoni. Uliona baba ameshika shoka anaua kile ulichomtilia mama kinywani. Ulidhani nimehukumu.

Sikuhukumu, Salma. Sikujua hata kwamba kulikuwa na kesi. Mimi mwenyewe niliendelea kuvuna chaza, na kufunga magunia pale pale, miaka mingine mingi. Nyumbani sikuwaleta tena kwa uchungu tu, lakini kuuza niliuza. Hakuna aliyewahi kuniambia chaza wana neno.

Mpaka alipokuja Dakta. Ulikuwa umefunga shule. Wageni wa ile hoteli walikuwa wamerudi kwao wakaugua macho manjano, maneno yakafika Nairobi, naye akatumwa na masanduku yake ya barafu. Unakumbuka nilivyompokea? Nilimfokea mwanamke wa watu. Nikamwambia, "Mimi chaza wangu nawaosha mara tatu, nawatia chumvi, nawakamulia ndimu. Weye watoka bara, chaza umemjulia wapi?" Hakukasirika. Akaomba karai mbili na maji ya tope kidogo. Karai moja akatia chaza wangu, nyingine akaiacha hivyo hivyo. Akasema tunywe chai.

Tulipomaliza chai, karai ile ya chaza maji yake yalikuwa yameng'aa, na ile nyingine bado tope. Mimi nikaruka kwa furaha. Nikamwambia, "Si waona? Chaza husafisha maji!" Akanitazama kwa huruma, akasema kwa Kiswahili chake cha huko kwao, "Ni kweli, mzee. Na sasa ile uchafu imeenda wapi?"

Nilikaa kitako. Ulikuwa umesimama karibu na kinu, nawe ulisikia. Ukachukua ndoo ukatoka. Nilidhani umekwenda kisimani. Ulirudi jioni, na ndoo haikuwa na maji, nami sikukuuliza. Nisamehe kwa kutokuuliza.

Dakta alinieleza taratibu, siku ile na siku nyingine alizokuja. Kwamba chaza hunywa maji mchana kutwa na kuyachuja, na kila kilichomo hubaki ndani yake. Kwamba kuna virusi vinavyotoka tumboni mwa mgonjwa, vinapita chooni, vinapita kwenye bomba, na havionekani hata kwa darubini ya kawaida. Chumvi haivifanyi kitu. Ndimu haivifanyi kitu. Kuosha kombe nje ni kujifurahisha, kwa sababu vyenyewe vimo ndani. Na si chaza peke yake: mchicha na saladi iliyomwagiliwa maji mabaya, tunda lililomenywa na mkono wa mgonjwa, chochote kinacholiwa kibichi. Ndiyo maana unaniona nagombana na kila anayetaka kuchota maji ya lile shimo la maji machafu kumwagia mboga zangu.

Nikamuuliza habari ya mama yako. Nilimweleza yote. Akasema iko aina moja ya homa ya ini ambayo wataalamu wa India wameiona, inayowapitia watu wengi kwa wepesi lakini huwaangamiza wanawake wenye mimba. Inawezekana ilikuwa hiyo. Nikamwambia aniapie. Akasema hawezi. Huenda ni chaza, huenda ni maji ya kisima cha mwaka ule, huenda ni kitu kingine. Wale chaza aliowachukua kwa barafu aliona kwao alama za uchafu wa choo, lakini kirusi chenyewe hakukipata, kwa kuwa ni kidogo mno, kimejificha ndani ya nyama, na bado hawajajua njia nzuri ya kukitoa. Nilimkasirikia. Nilitaka aniambie ndiyo au la, nijue nijilaumu kiasi gani. Nikamwambia elimu yenu hii inafaa nini. Akajibu, "Mzee, hata mimi hiyo swali inaninyima usingizi."

Hapo ndipo nilipompenda yule Dakta. Na alipoandika kwamba yuko tayari kukufundisha kazi, sikusita.

Lakini sitaki uingie kwenye maabara kama mtu anayekwenda kutumikia kifungo. Nimekitumikia mimi kifungo hicho, najua kilivyo. Baada ya maneno ya Dakta niliacha chaza, nikawaendea wenzangu nikawaambia habari ya bomba, wakanicheka, wengine wakaninunia kwa kuwa niliwaharibia soko. Nilikuwa nawafokea watu kana kwamba kila neno langu litapunguza kitu. Halikupunguza. Bomba liko pale pale mpaka leo na mama yako hajarudi. Mtu anayejiadhibu hasikii anachoambiwa, mimi nimeyaona hayo kwangu, ndiyo maana nilikuwa siwezi kukusikia wewe. Ukienda huko na adhabu yako, utakuwa unamtafuta mkosaji kila ukifungua chaza, na siku watakapokuuliza umeona nini utawajibu ulichokwenda nacho.

Sasa nikwambie nililokuficha. Sikulificha kwa ubaya.

Kule hospitali, kabla hajaanza kupotewa na fahamu, mama yako hakuniuliza habari yake. Mkono wake ulikuwa hauna nguvu hata ya kushika kikombe. Kila nikiingia, kabla sijaketi, neno lake lilikuwa moja: "Macho ya Salma yakoje?" Namwambia, "Meupe." Anasema, "Umeyatazama kwenye mwanga?" Namwambia, "Nimeyatazama." Basi anafumba yake. Kesho yake vile vile. Siku ya mwisho aliyosema nami maneno ya kueleweka, sikumngoja aulize. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Meupe, Riziki. Nimemtoa mpaka juani." Akacheka. Mgonjwa yule, midomo imepasuka, akacheka. Akasema, "Mwache ale chochote anachotaka, mtoto wangu."

Hilo ndilo aliloliacha kwa ajili yako. Hakuacha lawama. Hakukuona wewe kama aliyemlisha kitu kibaya. Alikuona uko hai na macho yako meupe, akaridhika. Mimi ndiye niliyewachagua wale chaza, na mimi ndiye niliyewafunga pale, na hata mimi Dakta amekataa kunihukumu kwa sababu hana hakika. Basi wewe mtoto wa miaka tisa, uliyekimbia kwenda kumchumia mama ndimu, utajihukumu kwa kitabu gani?

Nasikia shangazi yako anaamka, ameanza kuita watu wasiokuwepo. Nimalize.

Leo nilitoka baada ya wewe kuondoka, nikaenda kwa Mzee Kazungu, jirani yetu wa upande wa barabara. Nikamwomba ndimu moja. Akanitazama sana, maana anajua habari ya mndimu wetu, akanichumia bila kuuliza. Nimeiweka kwenye kifurushi chako pamoja na samaki. Samaki mwenyewe nimemkaanga mpaka mifupa imekauka, kwa hiyo usiniletee masomo ya Dakta, hakuna kirusi kitakachosalia humo. Lakini mkavu hivyo, bila ndimu hapiti kooni.

Kesho mtakapofika Kilifi, watu hushuka kungoja feri. Tafuta mahali pa kivuli ukae. Fungua kifurushi, uikate ile ndimu, uikamue kwa mkono wako huo huo. Mkono huo hauna kosa. Kula, mwanangu, ushibe.

Ni mimi baba yako,
Omari